SOMO LA LEO: Kipuri cha laptop kinanunuliwa kwa namba, siyo kwa jina la mashine



Leo ni zamu ya mafundi wa kompyuta na wale mnaouza vipuri vya laptop Instagram, WhatsApp na kwingineko. Ila hata kama unauza simu au blenda, usipite hivi hivi, maana ile hesabu ya sehemu ya nne inakuhusu na wewe. Somo ni refu kidogo. Lihifadhi, utalirudia siku unayotaka kuagiza.

Biashara yetu ina mtego ambao muuza nguo hana. Muuza nguo akiletewa gauni la saizi siyo, analitundika tu, atakuja mwingine wa saizi hiyo. Wewe ukiletewa kioo kisichoingia, mashine ya mtu iko mezani imefunguliwa, advansi yake umeshaitumia kuagizia, na mwenyewe anapiga simu kila baada ya siku mbili. Pengine ni mwanafunzi wa chuo, ripoti yake ya mwisho iko humo ndani. Au ni mama mwenye stesheneri, na ile laptop ndiyo duka lenyewe. Huyo mteja hatakumbuka kwamba ulimpunguzia 20,000. Atakumbuka kwamba laptop yake ilikaa kwako mwezi mzima, na atawaambia wenzake.

Sasa tuone jinsi ya kuagiza bila kufika huko.

1. JINA LA LAPTOP HALITOSHI

Mteja anakuandikia: "Kaka, betri ya HP 15 unayo?" Wengi tunakimbilia AliExpress, tunaandika "HP 15 battery", tunachagua ya bei nzuri, tunalipa. Hapo ndipo hela inapotea.

"HP 15" siyo mashine moja. Ni familia nzima. Kuna HP 15-bs ambayo nyingi zinatumia betri ya JC04, na kuna HP 15-da ambayo inatumia HT03XL. Ukiziweka hizo betri mbili mezani, hata umbo hazifanani. Hakuna ujanja wa fundi utakaoifanya moja iingie kwa mwenzake.

Chukua mfano mwingine, EliteBook 840, hizi mashine za mtumba zilizojaa madukani. 840 G3 inatumia betri ya CS03XL. 840 G5 inatumia SS03XL. Mteja yeye anakwambia "ni EliteBook 840" na anaamini kamaliza. Hilo G3 au G5 la mwisho ndilo lenye hela yako.

Kwa hiyo zoea hili: mteja akitaja jina, wewe omba namba. Mwambie apige picha ya lebo iliyo chini ya laptop. Kama lebo imefutika, namba ya mashine mara nyingi ipo pia kwenye BIOS. Ukishapata namba ya mashine, HP wana tovuti inaitwa PartSurfer, unaingiza namba unaletewa orodha ya vipuri vya mashine ile. Dell unatumia ile Service Tag ya herufi na tarakimu saba kwenye tovuti yao. Lenovo nao wana ukurasa wa kutafuta vipuri kwa namba ya mashine. Zote ni bure, na hazihitaji kusomea popote.

Hata hivyo, tovuti inakuambia mashine ilitoka kiwandani na nini. Mashine za mtumba zimepita mikono mingi. Kwa hiyo ukiweza, fungua, toa kipuri kibovu, soma namba iliyo kwenye kipuri chenyewe. Hiyo ndiyo inashinda zote.

2. NAMBA UNAISOMAJE? TWENDE KIPURI KWA KIPURI

KIOO. Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndipo makosa yalipo mengi. Nyuma ya kioo kuna stika. Tafuta namba kama NT156WHM-N42. Hicho ni kioo cha BOE. Ile 156 maana yake inchi 15.6. Ukikuta 140, ni inchi 14.0. Kampuni nyingine kama LG, AUO na Innolux nazo zinaweka ukubwa hivyo hivyo ndani ya namba.

Ukishajua ukubwa, hakikisha mambo manne:

- Idadi ya pini kwenye soketi ya nyuma. Nyingi za sasa ni pini 30, na nyingine ni 40, hasa za kugusa na za michezo ya kompyuta. Ya 30 haiingii kwenye 40.
- Aina ya mawasiliano. Laptop za zamani zinatumia LVDS, za sasa zinatumia eDP. Hizi mbili haziongei lugha moja, hata kama zote zina pini 40.
- Wingi wa nukta. Kuna 1366 kwa 768, na kuna 1920 kwa 1080. Mteja anaweza kukuambia "niwekee kile chenye picha kali". Usikubali haraka. Vyote viwili vinaweza kuwa na pini 30, lakini waya wa kioo kwenye baadhi ya mashine umeungwa kwa ajili ya kile cha chini tu. Unafunga kioo kipya, kinabaki cheusi, unadhani umeuziwa kibovu. Hapo unatakiwa ubadilishe na waya.
- Vile vibati vya skrubu. Vingine vipo juu na chini, vingine kushoto na kulia, na vioo vingi vya sasa havina kabisa, vinashikwa na gundi. Namba ikiwa sawa hadi herufi ya mwisho, na vibati vitakuwa sawa.

Nyongeza kwa mafundi: chomoa betri kabla hujachomoa waya wa kioo. Ukichomoa waya umeme ukiwepo, unaweza kuunguza fyuzi ya taa ya kioo kwenye bodi. Baadaye utafunga kioo kipya kizima, kitaonekana giza, na muuzaji wa watu atalaumiwa bure.

BETRI. Soma vitu vitatu: namba ya betri, volti, na Wh. Wh ndiyo kiasi cha umeme kinachokaa ndani. Inapatikana kwa kuzidisha volti na Ah. CS03XL ya 840 G3 ni volti 11.4 na Wh 46.5. Gawanya 46.5 kwa 11.4, unapata kama Ah 4.08, yaani mAh 4080 hivi.

Kwa nini nakupa hesabu hii? Kwa sababu ndiyo inamkamata muongo. Utakutana na tangazo la betri hiyo hiyo, ukubwa ule ule, limeandikwa mAh 8000. Umbo halijakua, uzito haujaongezeka, umeme umejaa mara mbili. Haiwezekani. Huyo muuzaji kama anadanganya kwenye namba ambayo kila mtu anaweza kuipigia hesabu, usitarajie awe mkweli kwenye seli alizoweka ndani.

CHAJA. Volti lazima zilingane. Ampea zikizidi hakuna tatizo, zikipungua ndiyo tatizo. Chaja ya HP ya volti 19.5 na ampea 3.33 ni wati 65, na ile ya ampea 2.31 ni wati 45. Ukimpa mwenye mashine ya wati 65 chaja ya wati 45, itachaji kwa kusuasua na kuchemka. Kisha angalia pini: HP za zamani ni pini nene ya milimita 7.4, za baadaye ni ile nyembamba yenye rangi ya bluu ya milimita 4.5. Dell wana la kwao. Mashine inaitambua chaja kupitia pini ya katikati. Chaja isiyotambulika inaweza kuwasha mashine lakini betri haijai, na mashine inapunguza kasi. Mteja atakuambia umempa feki.

KIBODI. Namba ya mashine haitoshi, angalia na umbo. Kitufe cha Enter cha Marekani kimelala mstari mmoja, cha Uingereza kimesimama mistari miwili. Angalia kama ina taa, kama ina kile kijiti cha katikati cha kusogezea kishale, na kama inakuja na fremu yake. Kibodi yenye taa ina waya wa ziada, na kama bodi haina soketi ya huo waya, hiyo taa umeinunua ya kuangalia tu.

RAM na SSD. RAM ya laptop ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, na pengo lake limekaa mahali tofauti, haziingiliani. SSD zile fupi za M.2 kuna za SATA na kuna za NVMe. Zinafanana kwa macho, lakini siyo kila mashine inapokea zote. Ukiona SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 128, kimbia. Na hata ukinunua ya bei ya kawaida, kabla hujampa mteja ijaribu kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux. Programu hizi zinajaza data hadi mwisho halafu zinaisoma tena. Feki inaumbuka hapo hapo, badala ya kuumbuka na picha za harusi ya mtu.

3. NINI UNUNUE WAPI

Kila soko lina kazi yake. Tatizo linaanza pale unapolipa soko moja kazi ya jingine.

Kariakoo, au kwa wenzetu wa Nairobi kule Luthuli Avenue: hapa unanunua haraka. Chaja, RAM, SSD, vioo vya saizi za kawaida, betri zinazotembea. Bei iko juu, lakini unajaribu hapo hapo, na kikikataa unarudi kesho kukibadilisha. Hiyo haki ya kurudi kesho ina thamani, ihesabu. Kama uko mkoani, ukiwa na mtu mmoja wa kuaminika pale, kipuri kinapanda basi na unakipokea stendi.

AliExpress: hapa unanunua kimoja kimoja kile ambacho mjini hakipo. Bawaba za mfuniko, feni za mashine fulani, soketi ya chaja yenye waya wake, kibodi za modeli adimu. Hela yako inashikiliwa na soko mpaka uthibitishe umepokea au muda upite. Hiyo ndiyo ngao yako, tutarudi kwake.

Alibaba: hii ilianza 1999 kwa ajili ya watu wa jumla, na AliExpress ikaja 2010 kwa ajili ya rejareja. Kampuni mama ni moja, masoko mawili. Alibaba muuzaji anakuwekea kiwango cha chini, vipande kumi, hamsini, mia. Usiende huko mpaka ujue kwa ushahidi wa daftari lako kwamba kipuri hicho kinatoka kila mwezi. Ukienda, lipa kupitia mfumo wao wa Trade Assurance, usitume hela pembeni.

1688 na Taobao: haya ni masoko ya Wachina wenyewe. Bei inavutia. Wengi wetu tunanunua kupitia wakala mwenye ghala Guangzhou. Kumbuka tu kwamba hapo ngao ya soko anayo wakala, siyo wewe. Mkubaliane kabla: kioo kikifika kimevunjika, nani analipa?

eBay: nzuri kwa vipuri halisi vilivyotolewa kwenye mashine, hasa bodi na maganda ya laptop za ofisi za Ulaya na Marekani. Siyo wote wanatuma huku kwetu, na nauli inaweza kuzidi bei ya kipuri.

Mwisho, usidharau laptop mbovu. Mashine ya modeli ile ile iliyokufa bodi ina kioo, kibodi, bawaba, feni na maganda. Kama modeli hiyo inakuja kwako kila wiki, kununua maiti moja ya jirani kunaweza kuzidi oda tano za China.

4. HESABU YA MPAKA MEZANI

Bei unayoiona kwenye ukurasa siyo gharama yako. Gharama yako ni ile ya kipuri kikiwa mezani kwako, kinafanya kazi. Tupige mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, wewe weka za kwako.

Unaagiza kioo kimoja:
- Bei ya kioo: 85,000
- Usafiri: 38,000
- Makato ya kadi na kubadili fedha: 4,000
- Nauli ya kwenda kuchukua mzigo: 5,000
Jumla: 132,000

Bado hatujamaliza. Vioo vinavunjika njiani, vingine vinakuja na mistari. Tenga asilimia 10 ya gharama kwa ajili ya siku mbaya, ni 13,200. Sasa uko 145,200.

Tuseme mjini kioo hicho ni 150,000. Umeokoa 4,800. Kwa 4,800 umemkalisha mteja wiki tatu na umebeba hatari yote wewe. Hapo nenda mjini, mfungie mteja kesho yake, chukua faida yako, endelea na maisha.

Sasa agiza vitano vya namba moja, ambayo unajua inatoka:
- Bei ya kila kioo: 85,000
- Usafiri kwa kila kimoja: 18,000
- Makato: 4,000
- Nauli: 1,000
Jumla 108,000, ongeza asilimia 10, ni 118,800 kila kimoja.

Hapo umeokoa 31,200 kwa kila kioo, 156,000 kwa vyote vitano. Hii ndiyo hesabu ya kuagiza. Lakini angalia upande wa pili: 540,000 yako imelala njiani na kwenye kabati. Kama ni namba inayotoka mara moja kwa miezi minne, hiyo siyo akiba, hiyo ni hela uliyoifungia ndani.

Na kwa nini usafiri umeshuka hivyo? Mizigo ya ndege haipimwi kwa mzani peke yake. Boksi likiwa kubwa na jepesi wanahesabu nafasi linayochukua: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka zinagawanya kwa 5000. Boksi la kioo la 45 kwa 32 kwa 10 linatoa kilo 2.4, wakati kioo chenyewe hakifiki nusu kilo. Vioo vitano vikipangwa vizuri kwenye boksi la 45 kwa 32 kwa 20, ni kilo 4.8, yaani chini ya kilo moja kwa kila kimoja. Mwambie muuzaji au wakala akupe vipimo vya boksi kabla hujalipa.

Kuhusu ushuru na VAT, muulize wakala wako swali moja la moja kwa moja: "Bei yako ya kilo imeshajumlisha kodi, au nitadaiwa nyingine?" Pata jibu kwa maandishi. Wengi bei yao ni ya jumla, lakini siyo wote.

Sasa pima uzito wa kukosea. Kama kwenye kazi ya kioo unabaki na faida ya 40,000, kioo kimoja cha 132,000 kisichoingia kimekula faida ya kazi tatu na zaidi. Dakika kumi za kusoma stika ndizo zinazokulipa kuliko kazi nyingine yoyote utakayofanya siku hiyo.

5. BETRI HAZISAFIRI KAMA VIOO

Hili wauzaji wengi hawaambiwi. Kuanzia Aprili 1, 2016, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lilizuia betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria. Zinaruhusiwa kwenye ndege za mizigo, kwa masharti, na chaji yake isizidi asilimia 30. Sababu ni moto. Betri ya lithiamu ikiwaka angani haizimiki kirahisi.

Kwako maana yake ni nini? Kwanza, betri itachelewa kuliko kioo ulichoagiza siku moja nayo, kwa hiyo usimpe mteja tarehe ile ile. Pili, wakala ana bei tofauti ya betri, iulize. Tatu, muuzaji akikuambia "nitaandika ni waya tu", kataa. Mzigo ukikamatwa umepoteza, na usipokamatwa umeweka moto chini ya miguu ya watu.

Halafu betri inazeeka hata ikiwa kwenye boksi. Usijaze kabati. Nunua za kuuza ndani ya miezi michache, na zisikae zimeisha chaji kabisa.

6. KUMSOMA MUUZAJI KABLA YA KULIPA

Soma maoni ya wanunuzi yenye picha, hasa ya nyota moja na mbili. Huko ndiko utaona "namba siyo ile ya kwenye picha". Muuzaji mwenye kila kitu dukani, viatu, taa na vioo vya laptop, mpe nafasi ya mwisho. Tafuta anayeuza vipuri vya laptop tu.

Kisha mwandikie. Ujumbe uwe mfupi, wa namba tupu: namba ya kipuri, idadi ya pini, volti, na ombi la picha ya stika ya mzigo utakaotumwa. Akikujibu "inafaa, usijali" bila picha, huyo hajaangalia. Akituma picha ya stika, ilinganishe na yako herufi kwa herufi. Mazungumzo yote yabaki ndani ya soko lenyewe. Akikuvuta mlipane nje kwa punguzo kidogo, ujue hilo punguzo ndilo bei ya ngao yako.

7. MZIGO UKIFIKA

Washa video kabla hujakata gundi ya boksi. Onyesha lebo ya mzigo, fungua, onyesha stika ya kipuri, kijaribu, yote kwenye video moja isiyokatwa. Kioo kijaribu kabla hujatoa nailoni yake ya juu na kabla hujakibandika. Ukishatoa nailoni, ushahidi wako umeutupa kwenye ndoo ya taka.

Usibonyeze kitufe cha kuthibitisha umepokea mpaka umejaribu. Muda wa kufungua malalamiko una mwisho wake, na umeandikwa kwenye oda yako. Uweke kwenye kalenda ya simu.

Na kuna mchezo huu: umefungua malalamiko, muuzaji anakuja kwa upole, "rafiki, funga malalamiko, nitakurudishia hela". Ukifunga, mara nyingi huwezi kufungua tena. Mwambie kwa upole huo huo arudishe kwanza. Akitaka urudishe kipuri China kwa nauli yako, piga hesabu, mara nyingi ni bora mkubaliane akurudishie sehemu ya hela.

8. MTEJA WAKO NAYE ANA HAKI YA KUJUA

Wengi wetu tunachukua picha ya AliExpress, tunaipandisha kwenye status, tunaandika "ipo". Haipo. Iko Shenzhen. Andika ukweli: "Ya oda, wiki tatu hadi nne." Atakayesubiri atasubiri kwa moyo mweupe, na asiyeweza utakuwa umemuokoa na umejiokoa na simu zake.

Kabla ya kupokea advansi, mpe chaguo mbili: ya mjini, bei juu, kesho, au ya oda, bei chini, wiki tatu. Achague mwenyewe. Kama mashine inaweza kufanya kazi wakati inasubiri, mrudishie akaitumie. Laptop yenye betri mbovu inafanya kazi kwenye umeme, ya nini ikae kwako?

Na siri moja ya mauzo: kwenye tangazo lako andika namba ya kipuri. Siyo "betri za HP zipo", andika "CS03XL ipo, HT03XL ipo". Fundi mwenzako akiwa na betri mbovu mkononi anatafuta namba, na hiyo namba itamleta kwako.

KWA KIFUPI, KABLA HUJABONYEZA "LIPA":

- Nimeona stika ya kipuri kibovu kwa macho yangu, au picha yake?
- Muuzaji ametuma picha ya stika, na zinalingana?
- Nimepiga hesabu mpaka mezani, na asilimia 10 ya siku mbaya?
- Nimelinganisha na bei ya mjini?
- Mteja anajua ni wiki ngapi, na amekubali?

Kama jibu moja ni hapana, funga simu kwanza.

Kazi ya nyumbani: leo chukua vipuri vitano vibovu vilivyo kwenye boksi lako la chini ya meza, andika namba zake kwenye daftari, na pembeni andika mashine vilikotoka. Fanya hivyo kwa kila mashine utakayofungua. Baada ya miezi sita utakuwa na daftari ambalo hakuna tovuti itakuuzia, na utajua kwa uhakika ni namba zipi tano za kuagiza kwa pamoja.

Una swali la kioo au betri? Weka namba ya stika kwenye komenti, siyo jina la laptop. Tutasaidiana. Mtumie na fundi mwenzako somo hili kabla hajalipia oda yake ya leo usiku.

Kazi njema.